Jozi ya Sita

Ujumbe wa mama yake Hisanori ulikuwa na mistari mitatu tu.

"Hisanori amefariki leo saa kumi na moja alfajiri. Tutamchoma Alhamisi asubuhi. Vaa viatu vya theluji."

Tamotsu Irie aliusoma akiwa amesimama jikoni, katika chumba chao cha Tokyo, wino haujamkauka vidoleni. Akausoma tena. Kisha akafanya jambo la kijinga: akaenda kutafuta viatu vya theluji. Alivitafuta katika nyumba ambayo haijawahi kuwa navyo. Akafungua kabati, akainama chini ya meza ya kuchorea, akahamisha marundo ya karatasi, mpaka mwisho akakaa sakafuni na kubaki hapo hapo.

Kwa hiyo Alhamisi aliteremka stesheni ya Noshiro amevaa viatu vyeusi vya ngozi, na theluji ilikuwa imefika magotini.

Mama Mitsue alikuwa mlangoni mwa nyumba ya kuchomea maiti, amevaa kimono nyeusi, mwavuli mkononi. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mabega mapana. Hakumtazama Tamotsu usoni. Alimtazama miguuni.

"Nilikwambia viatu."

"Samahani, Mama. Sikuvipata."

"Soksi zimelowa?"

"Zimelowa."

"Utaugua. Ingia."

Huko ndiko kusalimiana kwao. Tamotsu alikuwa amejiandaa kwa mengi ndani ya garimoshi: kulia, kuinama, kusema maneno ya pole yanayosemwa na watu wote. Lakini hakuna hata moja alilopewa nafasi ya kulitumia.

Kwa familia ya Hisanori, Tamotsu alikuwa "msaidizi." Hisanori Shirakura alikuwa mchoraji, na wachoraji wa Tokyo huwa na wasaidizi, basi. Hakuna aliyeuliza kwa nini msaidizi huyo alikuwa na umri sawa na bosi wake, au kwa nini waliishi chumba kimoja miaka saba. Hakuna aliyeuliza hasa walichora nini.

Walichora katuni za mapenzi. Kila mwezi, katika jarida linalosomwa zaidi na wasichana na mama wa nyumbani, ilitoka hadithi ya vijana wawili wa mji mdogo: mmoja mkata tiketi wa treni, mwingine fundi wa saa. Ilikuwa hadithi ya polepole. Kwa miaka minne mashujaa hao walikuwa wameshikana mikono mara mbili tu, na mara ya pili wasomaji walituma barua gunia zima. Jina la mtunzi lililoandikwa kwenye jalada lilikuwa la mwanamke. Hakukuwa na mwanamke. Hisanori alichora nyuso, Tamotsu alichora mikono na kila kilichobaki: treni, mvua, madirisha, vikombe vya chai.

Halafu kongosho la Hisanori likaugua, na mama yake akaja Tokyo, akamfungia mizigo kwa muda wa saa moja, akamrudisha nyumbani. Hiyo ilikuwa miezi mitatu iliyopita. Ilibaki sura moja tu ya hadithi yao. Hisanori alizichora nyuso hospitalini na kuzituma kwa posta, ukurasa baada ya ukurasa, mistari ikizidi kuwa myembamba. Ukurasa wa mwisho haukuja.

"Usije kabla hujamaliza," alimwambia kwa simu. "Ukija nitakutazama wewe, sitachora."

Tamotsu alitii. Siku zote alikuwa mtu wa kutii. Na simu ya mwisho kabisa, kwa sauti iliyobaki kama karatasi inayokunjwa, Hisanori alisema:

"Mifupa uje uiokote wewe, Tamo. Usimwachie kaka Yukimasa peke yake. Ana mikono mizito, atanidondosha."

"Acha utani."

"Sio utani. Niahidi."

"Nakuahidi."

Ahadi hiyo ndiyo iliyomleta. Hakuja kuomba kutambuliwa, wala kugombea kitu. Kwao, mwili ukishaungua, wafiwa huokota mifupa kwa vijiti vya kulia, wawili wawili, ncha kwa ncha, na kuitia mtungini. Alitaka kusimama kwenye ile meza ya chuma, ashike vijiti, ainue mfupa mmoja. Mmoja tu ungetosha.

*

Walimuaga Hisanori kwa dakika kumi. Watu wa kule huchoma kwanza na kusali baadaye, kwa hiyo asubuhi hiyo walikuwa wa nyumbani tu: baba, Mzee Shirakura; Mama Mitsue; kaka mkubwa, Yukimasa; Chinami, mke wa Yukimasa; na Shangazi Toyo, dada wa mzee, aliyekuwa na masikio mabovu na mdomo mzima.

Tamotsu alisimama nyuma. Kupitia kidirisha cha jeneza aliona paji la uso na pua. Hisanori alikuwa amekonda hata nyusi zilionekana kubwa. Mtu aliyechora nyuso maelfu, akaondoka na uso usiofanana na wake. Wengine waliweka maua. Mama Mitsue aliweka kipande cha karatasi kilichokunjwa mara mbili, akakisukuma chini ya shingo, haraka, kama anayerekebisha mto.

Mlango wa tanuri ulipofungwa, Chinami ndiye aliyelia. Mzee Shirakura alisimama wima, mikono nyuma. Ilikuwa mikono mikubwa, yenye ngozi ngumu, iliyochonga vijiti vya kulia kwa mti wa mwerezi miaka arobaini na miwili. Hakuna nyumba ya maana Noshiro isiyokuwa na vijiti vyake mezani.

"Itachukua saa moja na nusu," mhudumu alisema. "Chai ipo chumba cha kusubiria."

Chai ilikuwepo, na matonge ya wali, na figili iliyokaushwa kwa moshi, ambayo Hisanori alikuwa akiagiza kutoka nyumbani na kula kitandani huku akiacha harufu shukani. Tamotsu aliitazama asiiguse.

"Wewe ndiye msaidizi?" Shangazi Toyo aliuliza kwa sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto.

"Ndiyo, Shangazi."

"Mbona umekonda hivyo? Alikuwa hakulishi?"

"Alinilisha vizuri."

"Umeoa?"

"Bado."

"Naye hakuoa. Huko Tokyo wanawake wamekwisha?"

"Shangazi, chai yako inapoa," Chinami alisema, macho chini.

"Ipoe. Nauliza. Alikuwa akichora nini, katuni za watoto? Nilimwomba anitumie hata kitabu kimoja, akanitumia maembe. Maembe! Nina meno mangapi mimi?"

Yukimasa alisimama. "Ndugu Irie. Njoo mara moja."

Alimpeleka kwenye ukumbi mwembamba, kando ya mashine ya kuuza kahawa ya makopo. Alikuwa na mabega ya mama yake na mikono ya baba yake. Vumbi la mbao lilikuwa limemwingia kwenye mistari ya viganja, lisilotoka hata siku ya msiba.

"Nimekuitia teksi."

"Bado hawajamtoa."

"Ndiyo maana nimekuita sasa. Kuokota mifupa ni kazi ya watu wa nyumbani. Unajua."

"Niliishi naye miaka saba."

"Najua."

Alilisema neno hilo taratibu, na Tamotsu akaelewa kwamba kweli anajua, na anajua kwa muda mrefu.

"Kama unajua, kaka..."

"Mimi si kaka yako." Yukimasa aliangalia nyuma, kuelekea mlango wa chumba cha kusubiria, akashusha sauti. "Sikiliza. Sina ugomvi na wewe. Lakini mimi ndiye ninayekaa na mzee kule karakanani, toka asubuhi mpaka jioni, meza yangu na yake zinatazamana. Wewe utapanda garimoshi. Mimi nitabaki na ule uso wake. Unanielewa?"

"Nilimwahidi Hisanori."

"Ulimwahidi nini?"

"Kwamba nitauinua mfupa wake."

Yukimasa alicheka, kicheko kisicho na furaha yoyote. "Ulimwahidi. Wiki tatu za mwisho mimi nilikuwa namgeuza kitandani kila baada ya saa mbili. Mgongo wake ulikuwa na vidonda. Alikuwa ananiita kwa jina lako, unajua hilo? 'Tamo, taratibu.' Nami naitika, nageuza. Wewe ulikuwa wapi?"

Tamotsu alikuwa anachora mvua. Siku ambayo Hisanori alikuwa na vidonda mgongoni, yeye alikuwa Tokyo akichora mvua juu ya paa la stesheni, mstari mmoja mmoja, kwa sababu aliambiwa asije. Lingeweza kuwa jibu.

"Teksi itakuja baada ya nusu saa," Yukimasa alisema. "Nenda kwa heshima yako. Mchana, kwenye sala, mji mzima utakuwepo. Sitaki maswali."

Akaondoka. Mashine ya kahawa ikabaki inanguruma.

*

Tamotsu alikwenda penye rafu ya viatu, karibu na mlango wa kutokea. Viatu vyake havikuwepo. Alivikuta sakafuni, mbele ya Mama Mitsue, ambaye alikuwa amepiga magoti na kimono yake nyeusi anavishindilia magazeti ndani.

"Mama, tafadhali, acha. Nitafanya mwenyewe."

"Kaa chini. Ukivivaa hivi vitakung'oa kucha."

Akakaa. Mama Mitsue alichana gazeti, akalifinyanga, akalisukuma mpaka kwenye ncha ya kiatu, bila haraka na bila kumtazama.

"Nilitaka kumwekea kitabu kizima," alisema. "Wamenikataza. Kitabu kinene hakiungui vizuri, kinaacha majivu meusi juu ya mifupa. Nikakata ukurasa mmoja kwa mkasi."

Tamotsu aliinua kichwa. "Kitabu gani?"

"Chenu. Vilikuwa kumi na moja ndani ya sanduku lake, chini ya fulana. Nilivisoma vyote. Usiku hospitalini mtu unafanya nini?"

"Ukurasa upi ulikata?"

"Wa yai."

Tamotsu alifunika macho kwa mkono.

Ukurasa wa yai ulikuwa kosa kubwa kuliko yote waliyowahi kuchapisha. Katika rasimu, Hisanori aliandika kwa penseli: mkata tiketi anampa fundi wa saa kipande cha yai. Tamotsu akachora mikono. Akachora vijiti vya huyu vimeshika kipande, na vijiti vya yule vikikipokea hewani, ncha kwa ncha. Jarida likatoka, barua zikamiminika. Mwandishi ana wazimu? Hakulelewa? Ni nani atakayekufa? Maana chakula hakipokewi namna hiyo mezani. Namna hiyo hupokewa kitu kimoja tu, na mahali pake ni hapa, kwenye nyumba hii, juu ya ile meza ya chuma. Mhariri nusura apate kiharusi. Na Hisanori, mtoto wa mchonga vijiti, alicheka mpaka akalala sakafuni.

"Alikuwa na miaka mitano," Mama Mitsue alisema. "Wateja wa baba yake walikuja kutoka Akita, wamekaa mezani. Yeye akachukua yai lake akampelekea Yukimasa, kijiti kwa kijiti, mbele ya wageni. Baba yake akamzaba kofi moja. Baada ya hapo ilikuwa kila akikasirishwa na baba yake, ananitazama mimi, anachukua yai. Hakuacha mpaka anaondoka nyumbani." Alishindilia kipande kingine cha gazeti. "Nani alichora mikono ile?"

"Mimi."

"Nilijua. Kidole gumba kina kovu la msumeno. Yule kijana wa kitabuni anakata tiketi. Kovu la msumeno alilipata wapi?"

Kovu lilikuwa la Hisanori, na Tamotsu ndiye aliyelichora. Miaka minne, vitabu kumi na moja, hakuwahi kuliona. Alidhani anachora mkono tu.

"Mlikuwa mnakula hivyo?" Mama Mitsue aliuliza.

"Kila siku, Mama. Nilimkataza. Alikuwa anasema, hapa baba hayupo."

"Mpumbavu," alisema, na sauti ikamkatika katikati ya neno. Akalaza kiatu mapajani. Kisha akapangusa pua kwa mgongo wa mkono, kama mtu anayetoka kupasua kuni.

"Yukimasa kakuitia teksi?"

"Ndiyo."

"Teksi za huku huchelewa siku za theluji." Akaweka viatu kwenye rafu, vimejaa magazeti, haviwezi kuvalika. "Wanatuita. Twende."

"Mama, kaka amesema..."

"Nimesikia alichosema. Nina masikio, mimi si Toyo."

*

Chumba kilikuwa cheupe, na joto bado lilikuwa linatoka kwenye meza. Hisanori alikuwa ametandazwa juu yake, toka miguu mpaka kichwa, mweupe, mdogo mno. Mhudumu, mwenye glovu nyeupe, alikuwa ameshapanga vijiti kwenye trei.

Mzee Shirakura alitikisa kichwa. Akatoa kifuani kisanduku cha mwerezi.

"Mzee, tuna vijiti vya hapa."

"Nimekuja na vyangu."

Akafungua. Kila jozi ilikuwa na kijiti kimoja cha mwerezi na kimoja cha mwanzi, kwa sababu kwa wafu vitu havilingani. Vilikuwa vimepigwa msasa mpaka vinang'aa. Alikuwa amevichonga siku mbili, tangu asubuhi ile, mlango wa karakana umefungwa. Sasa akavigawa. Jozi kwa mkewe. Jozi kwa Yukimasa. Chinami. Toyo. Akachukua yake.

Jozi moja ikabaki ndani ya kisanduku.

Tamotsu alikuwa amesimama mlangoni, pale Mama Mitsue alipomwachia mkono wa koti. Aliiona. Yukimasa naye aliiona.

"Baba, imezidi moja," alisema kwa upole, kama anavyosemeshwa mtu aliyefiwa. "Umekosea hesabu."

Mzee alikiweka kisanduku kwenye ukingo wa meza, kifuniko wazi. Alikiweka upande wa mlango.

"Miaka arobaini na miwili nachonga vijiti," alisema, akitazama mifupa.

Mhudumu alikohoa. Shangazi Toyo akauliza, "Kasemaje?"

"Mfupa unabebwa na wawili," Mama Mitsue alisema. "Sisi watano. Mimi sina mwenzangu. Wewe, njoo."

Uso wa Yukimasa ulibadilika rangi. Alimtazama baba yake, akisubiri. Alisubiri kwa muda ambao Tamotsu hatausahau. Mzee alikuwa amekwisha kugeukia upande wa miguu, akaanza kuinua, na Yukimasa akalazimika kupeleka vijiti vyake kumpokelea.

Tamotsu alitembea kwa soksi mbichi mpaka mezani, akachukua jozi ya sita. Ilikuwa laini. Ilinukia mti.

Waliokota kutoka miguuni kwenda juu, wawili wawili, ili akae wima ndani ya mtungi. Tamotsu na Mama Mitsue waliinua mfupa wa goti, kisha wa nyonga, kisha kipande cha mkono. Mkono upi, hakuweza kujua. Alitafuta kovu, halafu akakumbuka kwamba makovu hukaa kwenye nyama.

Hatimaye mhudumu aliinua kwa glovu zake mfupa mdogo wa shingoni, ule unaofanana na mtu aliyekaa anasali, akauweka peke yake kwenye kitambaa.

"Huu ni wa mwisho," alisema. "Wale waliokuwa karibu naye zaidi."

Mzee Shirakura alipeleka mkono. Vijiti vikaanza kugongana, tik, tik, tik. Aliukaza mkono, ukatetemeka zaidi. Mikono ile iliyokata mwerezi kwa unene wa unywele haikuweza kufunga vijiti juu ya kitu chepesi kama ganda la yai. Akajaribu tena. Kisha akauteremsha.

"Mitsue," alisema. "Wewe. Na..." Alimeza mate. Hakumtazama Tamotsu. "Na huyo."

Basi wakauinua pamoja, mama na huyo. Haukuwa na uzito wowote. Tamotsu aliona ncha za vijiti vyake zinacheza, na machozi aliyoyabana toka Tokyo yakamjia yote kwa mara moja.

"Usitetemeke," Mama Mitsue alisema chini chini. "Si ulizoea yai?"

Hakutetemeka. Wakauvusha, taratibu, ncha kwa ncha, wakauweka juu ya mingine yote. Mhudumu akafunika mtungi.

*

Teksi ilikuwa inangoja nje, imewasha taa. Mama Mitsue alitoka peke yake, ameshika viatu vya theluji, vya mpira, vya rangi ya kijani iliyochuja.

"Vaa hivi. Vilikuwa vyake."

"Mguu wake mkubwa kuliko wangu."

"Vaa soksi mbili." Akamtolea soksi mbili kwenye mkono wa kimono, kavu. Alisubiri mpaka amevaa. Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya soksi:

"Mchana wanakuja watu wa mji. Usiwepo."

"Sawa, Mama."

"Na usirudi."

Theluji ilikuwa inaanguka kwenye nywele zake zilizofungwa. Tamotsu alidhani hakusikia vizuri. "Hata kwenye sala ya siku ya arobaini na tisa?"

"Hata hiyo. Umemwona baba yake. Amefanya alichoweza, hana kingine. Ukirudi ataulizwa wewe ni nani. Uongo hatasema, na ukweli hawezi. Kaburi litakuwa kule kilimani, utaliwaza tu. Mimi nitalifagia."

"Miaka saba, Mama."

"Najua ni miaka saba. Mimi ni thelathini na mmoja." Alimkung'uta theluji begani, pigo moja la nguvu kuliko ilivyohitajika. "Kitabu kimekwisha?"

"Ukurasa mmoja. Wa mwisho. Hakuwahi kuzichora nyuso, na mimi nyuso siwezi. Nimejaribu. Zinatoka watu wengine."

"Mikono unaweza?"

"Mikono naweza."

"Basi malizia mikono. Watu wanataka kujua mwisho, huwezi kuwaacha hivyo hivyo." Akafungua mlango wa teksi. "Kikitoka, nitumie. Andika jina langu, si la mzee. Sasa nenda, unakosa treni."

Hakupunga mkono. Tamotsu alipogeuka kwenye kioo cha nyuma, mlango wa ile nyumba ulikuwa umekwisha fungwa.

Ndani ya garimoshi alikaa kiti cha dirishani. Viatu vilikuwa vikubwa hata kwa soksi mbili, na kila behewa lilipoyumba, miguu yake iliteleza mbele ndani yake mpaka ikagota mahali palipozama, mahali ambapo vidole vya mtu mwingine vilikuwa vimekaa miaka. Hakuna aliyekaa kando yake.

Baada ya Akita akatoa ubao mdogo na karatasi. Mhariri angeuliza nyuso ziko wapi. Wasomaji wangeandika barua. Alichora fremu moja kubwa, ukurasa mzima, na ndani yake hakuweka treni, wala mvua, wala dirisha. Mikono miwili tu, jozi mbili za vijiti, ncha kwa ncha, na katikati kipande kidogo cha yai.

Alianza na kidole gumba. Kabla ya kucha, kabla ya mstari wa ngozi, alichora kovu.